Mgunga Uvuao Majani Masika

Katika nchi ya Songea Kwaresima huangukia katikati ya masika. Padre atupakapo majivu, nje ya kanisa mahindi yamesimama marefu, nyasi zimefunga njia, na vijito viteremkavyo kutoka vilima vya Matogoro vimejaa maji mekundu. Kanisa latuambia tufunge, tujinyime, tujivue. Na wakati uo huo nchi yote imejivika kijani toka vilimani hata mabondeni. Mtu aweza kudhani kwamba kalenda ya Kanisa na kalenda ya mkulima hazipatani. Lakini ukishuka kandokando ya mito mikubwa ya kusini, au ukafika mwambao wa Ziwa Nyasa, waweza kuuona mti mmoja unaoishika Kwaresima kuliko sisi. Miti yote imevaa, nao u uchi. Matawi yake meupe yameinuka juu ya mahindi kama mifupa, wala hayana jani. Mgeni apitaye husema: mti huu umekufa, leteni shoka.

Haukufa. Ni mgunga, na ndivyo alivyouumba Mwenyezi Mungu. Jina hili la mgunga twawapa jamaa zake wengi wenye miiba, basi yafaa tuueleze vema ili msomaji asiuchanganye na mwingine. Huu tuusemao, wengine huuita mkababu. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Malawi, waitwa msangu. Wataalamu wa mimea waliuandika vitabuni mwaka 1813 kwa jina la Acacia albida, na baadaye wakaupa jina jipya la Faidherbia, maana waliona kwamba tabia yake si ya jamaa zake. Waota toka Senegal hata Afrika ya Kusini, na katika nchi ya Palestina pia upo. Hupenda mchanga na tope jipya liletwalo na mafuriko, ndiyo maana makao yake hasa ni mabonde ya mito. Uwapo mchanga ni kichaka tu cha miiba myeupe iliyonyoka, miwili miwili penye shina la kila jani, nacho humchoma mkulima mguuni na mkononi hata akaapa kukiteketeza. Ukiachwa ukakua, waweza kufikia kimo cha mita 30.

Sasa itazameni tabia yake. Mvua za kwanza zinyeshapo, mwezi wa Novemba au Desemba, miti mingine huchipua, mgunga hupukutisha. Majani yake huanguka juu ya udongo siku zile zile mkulima atiapo mbegu, nayo huoza yakawa mbolea. Juu hakuna kivuli cha kuyanyima mahindi jua. Chini hakuna ugomvi mkubwa wa maji, kwa kuwa mti umelala, na mzizi wake mkuu umezama mbali sana ardhini, mahali pengine kupita mita 30. Katika mizizi hiyo hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mimea, ile naitrojeni ambayo sisi twainunua dukani ndani ya mifuko. Kisha mvua zikikoma, mahindi yakivunwa, nchi ikakauka na majani kuungua, hapo ndipo mgunga huvaa. Mwezi wa Agosti na Septemba, wakati ng'ombe na mbuzi hawana kivuli wala malisho, mgunga ni kijani. Kiangazi kinapokaribia kwisha hudondosha maganda yake ya rangi ya chungwa, yaliyojisokota kama ganda la tunda lililomenywa kwa kisu, nayo ni chakula chenye nguvu kwa mifugo na kwa wanyama wa porini, hata tembo. Mbegu zake ngumu hupita matumboni mwao, zikaota mbali na mama yao pamoja na samadi.

Wenzetu wa Malawi na Zambia wamepima mahindi yaliyo chini ya migunga mikubwa na yaliyo nje, wakaona ya chini yakiyashinda kwa mbali, hasa katika mashamba ya maskini yasiyotiwa mbolea. Katika Zambia wakulima wameshauriwa kupanda migunga 100 katika hekta moja, mita 10 kati ya mti na mti. Huko Niger, nchi kavu kuliko yetu, baada ya ukame wa miaka ya 1970 na 1980 wakulima waliacha kuyang'oa machipukizi ya miti mashambani mwao, mgunga ukiwa mmojawapo wa iliyopendwa zaidi, na eneo la hekta zipatazo milioni 5 likarudia kuwa na miti. Hawakuletewa miche kwa malori. Walikuwa wameacha tu kukata kile ambacho Mungu alikuwa akikiotesha kila mwaka.

Hatuandiki haya ili kuugeuza ukurasa huu kuwa wa bwana shamba. Twayaandika kwa sababu jamaa ya mti huu imeandikwa katika Maandiko Matakatifu, mahali penye heshima kuliko mahali pote. Mungu alipomwamuru Musa jangwani atengeneze Sanduku la Agano, lenye urefu wa mikono miwili na nusu, hakumtuma Lebanoni kutafuta mwerezi. Alimtaka achukue mbao za mti ule ule wenye miiba ambao Waisraeli waliukuta njiani kila siku na kuuhofia. Meza ya mikate ilitoka humo, na madhabahu, na miti ya kulibebea Sanduku. Dhahabu ilikuja juu yake baadaye. (Katika tafsiri moja ya Biblia ya Kiswahili twausoma mti huo kwa jina la mshita, na katika nyingine mjohoro. Msomaji asidanganyike akadhani ni ile mijohoro isiyo na miiba iliyopandwa mbele ya ofisi na shule zetu. Hiyo ilitoka Asia. Mti wa Musa ulikuwa ndugu wa migunga yetu.) Watafsiri wa kale waliogeuza Agano la Kale kuwa Kiyunani waliuita mti usiooza, na walimu wa Kanisa wakauona kuwa mfano wa mwili wa Bwana wetu usioonja uharibifu, na wa Mama Bikira Maria, ambaye katika Litania twamwita Sanduku la Agano.

Kuna jambo jingine ambalo wahubiri hawalitaji mara nyingi. Kambi ya mwisho ya Waisraeli, kabla ya kuvuka Yordani, ilikuwa katika uwanda wa Moabu, bondeni, mahali palipoitwa Shitimu, yaani penye migunga. Walikuwa wamemaliza miaka 40 ya jangwa. Maji yalikuwa karibu, nchi ya ahadi waliiona kwa macho. Na hapo ndipo walipoanguka, kama isimuliwavyo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 25. Walialikwa kwenye karamu za miungu ya Wamoabu, wakala, wakainama. Jangwani walinung'unika kwa njaa na Mungu akawalisha. Shitimu waliasi wakiwa mezani.

Basi tusizungumze juu ya njaa kwanza. Tuzungumze juu ya mwezi wa Julai.

Mwezi wa Julai nchi ya Songea hujaa. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa ilishayo taifa, na kila mtu alijua jambo hilo aonapo malori yakipanga mistari na magunia yakifungwa kwa lumbesa hata yakawa na kichwa juu ya kichwa. Kila nyumba yauza, na kwa kuwa kila nyumba yauza, bei huanguka. Baba wa nyumba hupokea fedha nyingi kwa siku moja kuliko alizozishika mwaka mzima. Hatusemi kuuza mahindi ni dhambi. Karo yadaiwa, paa lavuja, mtoto ataka dawa, na mbolea ya msimu ujao haiji bure hata kwa bei ya ruzuku. Mkulima ana haki ya kuuza alicholima, tena ana haki ya kulipwa kwa mizani iliyo sawa, na yeye ampunjaye kwa lumbesa amwibia mfanyakazi ujira wake. Dhambi hiyo Maandiko yaihesabu miongoni mwa zile zimliliazo Mungu. Lakini lipo gunia la kuuza na lipo gunia la kula, na yeye aliyeuza la kula hakufanya biashara. Alihamisha tu njaa kutoka Februari akailipia Julai.

Twasema baba wa nyumba kwa makusudi. Mke ameshika jembe tangu mvua ya kwanza, amepalilia akiwa na mtoto mgongoni, amevuna, amepukuchua, amepepeta. Mara nyingi hupata habari ya kuuzwa kwa mahindi hayo kwa kuiona ghala. Hakuulizwa. Wawili walioambiwa altareni kwamba ni mwili mmoja, wana ghala mbili: moja ya jasho, ambayo ni yake mama, na moja ya fedha, ambayo ni yake baba. Hili si jambo la desturi za mababu tu, kwamba tulistahi. Ni kosa dhidi ya Sakramenti ya Ndoa, na wakiri waliaminio kuwa dogo yafaa wajiulize ni nani hulipa. Hulipa mtoto, kwa uji mwepesi, mwezi wa pili.

Maana Februari yaja. Mahindi mapya yako shambani lakini hayajakomaa. Kuna majani kila mahali na hakuna chakula. Mama hupima unga kwa kikombe, kisha kwa kiganja. Na hapa twafika kwa mtu wa pili, ambaye kwake tuna neno kali kuliko kwa yule baba mpumbavu wa Julai. Ni mtu mwenye akiba. Alihifadhi, alivumilia, hakunywa. Kwa hayo yote twamsifu. Sasa jirani zake waja mlangoni pake. Atafanya nini?

Katika milima ya Mbinga, penye kahawa, watu wana jina la jambo hili: magoma. Mwenye shida hupewa fedha kidogo au chakula wakati wa dhiki, naye huiweka rehani kahawa iliyo bado mtini, kwa bei isiyofika hata sehemu ndogo ya thamani yake. Huko Kagera huitwa butura. Katika nchi ya mahindi hufanyika vivyo hivyo: mtu hukopeshwa debe la mahindi masika, akatakiwa arudishe magunia wakati wa mavuno. Serikali imeikataza mara nyingi biashara ya namna hiyo, nayo haifi, kwa kuwa hufanyika usiku kati ya watu wawili, na mmoja wao ana njaa. Tena wafanyao hayo si wapagani wa mbali. Wako wenye rozari mfukoni na kiti cha mbele kanisani. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, ilimkataza mtu kuwa mlia riba juu ya maskini wa taifa lake. Nayo ilitolewa kwa watu waliokuwa bado wakikaa katika mahema, waliobeba Sanduku la mti wa miiba.

Lipo na jambo la tatu, lililofichika zaidi, ambalo wengi hulihesabu kuwa ni wema. Mwezi wa Januari mwenye shamba kubwa ahitaji watu wa kupalilia. Maskini, kwa kuwa hana unga, huacha shamba lake mwenyewe katika majuma yale yale ambayo magugu hulisonga, akaenda kibarua kwa jirani ili apate kilo chache za jioni. Shamba la tajiri lapata usafi. La maskini lafunga nyasi. Julai huyu avuna gunia tatu palipostahili kumi, na Februari ijayo yuko mlangoni tena. Mwenye shamba husema moyoni, mimi huwapa kazi. Ni kweli, awapa kazi. Lakini kivuli chake kimeanguka juu ya mahindi ya mwenziwe wakati ambapo mahindi yalihitaji jua.

Hapa ndipo mgunga unapotuhukumu. Mti mwema wa kawaida, mwembe kwa mfano, huwa na kivuli mwaka mzima, nasi twaushukuru. Lakini panda mahindi chini yake uone. Mgunga una kitu ambacho mwembe hauna: wajua majira ya wengine. Masika hautoi kivuli, kwa kuwa kivuli wakati huo ni madhara; watoa nafasi, nao wakubali kuonekana mfu. Kiangazi, wakati kila mti unabana ulicho nacho, wenyewe hutoa. Kwa hiyo wapo watu ambao mwezi wa Januari sadaka yao kubwa si kutoa kitu, bali kujizuia. Wasidai deni majuma haya. Wasiwaite wajane kibaruani kabla hawajapalilia kwao, au, wakiwaita, wawape unga kwanza na kazi baadaye, magugu ya nyumbani yakiisha. Hili halihitaji fedha wala mkutano. Lahitaji mtu kulitazama shamba la jirani kabla ya kulitazama lake.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto habari ya mchango kwa ajili ya ndugu maskini wa Yerusalemu. Someni sura ya 8 ya waraka wa pili. Hawaambii wajitie katika ufukara ili wengine wastarehe. Awaambia juu ya majira: wingi wao wa wakati ule uzibe pengo la wenzao, na siku nyingine wingi wa wenzao uzibe pengo lao. Yusufu huko Misri alifanya vivyo hivyo kwa miaka saba na saba, ingawa, tukisoma sura za mwisho za Mwanzo kwa uangalifu, twaona kwamba Wamisri walipokwisha kununua chakula walikuwa wamekwisha kuuza mifugo yao, na mashamba yao, na nafsi zao kwa Farao. Hata akiba iliyowekwa kwa hekima yaweza kuwa kamba shingoni mwa jirani. Naye Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, wakati wa njaa aliwahubiria wenye maghala bila kupaka maneno mafuta: mkate ulioufungia ni wa mwenye njaa, si wako.

Watu wa Songea wana sababu yao wenyewe ya kulisikia neno hili. Wazee wetu waliijua njaa ambayo haikutoka mbinguni. Tarehe 27 Februari 1906, katika Vita vya Maji Maji, viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa mjini Songea. Baadhi yao walibatizwa kabla ya kufa. Siku ile ilikuwa Jumanne, na kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu. Lakini waliokufa kwa kamba na kwa bunduki walikuwa wachache kuliko waliokufa baadaye. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na kutwaa akiba, na njaa ilimaliza kazi ambayo risasi haikuweza. Kila mwaka twawakumbuka wafu wale kwa heshima, na mara nyingi siku hiyo huangukia ndani ya Kwaresima. Haipendezi kuwawekea mashada watu walioangamizwa kwa maghala matupu, huku nyumbani ghala ya mtoto wetu tumeiuza wenyewe, au ya jirani tumeishika rehani.

Bwana wetu Yesu Kristo hakushika mali yake kama kitu cha kunyang'anyiwa. Ndivyo afundishavyo Paulo katika waraka kwa Wafilipi: alijivua utukufu, akatwaa hali ya mtumwa. Ijumaa Kuu twamwona amevuliwa hata kanzu, juu ya mti, amevikwa miiba. Wapita njia walitikisa vichwa wakimhesabu kuwa amekwisha. Miiba ni ile iliyotokea ardhini Adamu alipoanguka. Askari waliisokota wakamwekea kichwani, naye hakuikataa. Atazamaye mgunga katika majuma haya ya masika, mweupe, mkavu, wenye miiba, na chini yake mahindi mabichi yaliyonona kuliko ya shamba zima, ana picha ya kutafakari kwenye Njia ya Msalaba, wala hahitaji kwenda mbali.

Yabaki neno juu ya mti wenyewe, maana twausifu na huku twaumaliza. Mito ya nchi yetu huenda pande tatu. Ruvuma hutoka Matogoro na kwenda hata Bahari ya Hindi. Ruhuhu huingia Ziwa Nyasa. Maji ya upande wa kaskazini hufuata Luwegu, yakaungana na Kilombero kuwa Rufiji. Yeye afyekaye kingo za kijito huku juu hupeleka tope na mafuriko ya ghafla kwa watu asiowajua, wa Tunduru, wa Mtwara, wa Rufiji, na kwa ndugu zetu wa Msumbiji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto na ziwa, lakini bustani zimefika majini na mkaa wachomwa usiku. Tumbaku ya moshi, ambayo imewapa wengi wa Songea na Namtumbo nguo na vitabu vya shule, yahitaji kuni nyingi kuikausha. Alimaye tumbaku bila kupanda miti alipa karo ya mtoto kwa kuuza shamba la mjukuu. Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alitufundisha katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 kwamba kilio cha nchi na kilio cha maskini ni kimoja. Wamatengo wa Mbinga walilijua jambo hili kabla ya waraka wowote, walipochimba ngoro zao milimani ili mvua isiubebe udongo wa watoto wao.

Kwa hiyo twawasihi wenye mashamba ya bondeni: mkiona kichaka cha mgunga kati ya mahindi, msikifyeke. Kipogolewe matawi ya chini, kifungiwe kitambaa ili jembe au plau isikikate, kikingwe na mbuzi mpaka kiwazidi kimo. Yeye asiye nacho na apande, mahali panapoufaa mti huu, yaani penye udongo wenye kina na maji yasiyo mbali chini. Yatakiwa uvumilivu. Itapita miaka kumi na mitano au ishirini kabla mti haujaanza kuunenepesha udongo kwa kweli, na kwa sababu hiyo kazi hii yawafaa hasa babu na wajukuu.

Maganda hudondoka mwishoni mwa kiangazi. Watoto wa Utoto Mtakatifu waweza kuyaokota kabla mifugo haijayamaliza, nayo jumuiya ikagawa mbegu nyumba kwa nyumba. Ngozi ya mbegu ni ngumu: ikwaruzwe kidogo kwa jiwe, au imwagiwe maji ya moto na kuachwa humo usiku kucha. Kwa kuwa mzizi hushuka upesi sana, heri mbegu itiwe moja kwa moja shambani mvua zikianza, au katika mfuko mrefu kuliko ule wa miche ya kahawa, mbegu mbili kila shimo, na miba ya jirani yake wowote ikatwe na kuzungushiwa hapo kuwa ua.